Baiskeli Inayosimama Kila Nyumba

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa kiti cha kupumzikia, mkanywa soda, na mmoja wenu akasema, "Mzee, kabla hujaondoka tuandikie zile njia zako za baiskeli za kule ziwani. Mvua ikinyesha pikipiki zetu zinageuka mzigo." Mkacheka wote. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaanza kuogopa, maana sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko taarifa ya mwezi, na hata hiyo bwana mkubwa alikuwa anairudisha na mistari myekundu. Shule yangu ni ile ya madarasa machache kule Vugiri, halafu kozi fupi ya hospitalini. Kwa hiyo mkikuta nimekosea, sahihisheni kimya kimya.

Jambo lingine linalonitia wasiwasi ni majina. Kazi yetu ni ya wagonjwa wa ukoma, na mgonjwa wa ukoma hatajwi. Majina yote humu nimeyabadilisha, na hicho kijiji nakiita Kwemigunga, msikitafute kwenye ramani. Yule ninayemwita Bi Zaina aliniruhusu mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipokuwa amepona na kuzeeka. Nilimwuliza mara mbili ili niwe na hakika. Alisema, "Andika. Ila uandike kwamba nilikuwa mzuri." Alikuwa mzuri.

Nilianza muda mfupi baada ya Uhuru. Siku ya kwanza nilipokelewa Korogwe na Bwana Elia, ambaye alikuwa ameifanya kazi hii tangu enzi za Mwingereza. Alinipa baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana ya nyuma, akasema, "Panda tuone." Sikujua kupanda. Kwetu milimani baiskeli ni kitu cha kusukuma ukipanda na kuogopa ukishuka. Niliangukia kwenye ua la michongoma mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri dawa, na mmoja wao, mzee asiye na vidole, akanyanyuka kuja kuniinua. Nikarudi nyuma. Sikukusudia, mwili ulirudi wenyewe. Yule mzee aliona, akakaa tena. Bwana Elia naye aliona, asiseme kitu mpaka jioni.

Jioni alinikuta bombani nanawa. Nilikuwa nimenawa mpaka ngozi inawasha.

"Ukimaliza sabuni ya mwezi huu," akasema, "utanawa na mchanga?"

"Naogopa, Bwana Elia."

"Ogopa tu. Ugonjwa huu si mwepesi kuambukiza, nami nimeishi nao muda wote huu, mikono yangu hii hapa. Lakini usimwambie mgonjwa kwamba huogopi. Atajua unamdanganya, na ukishamdanganya hatameza vidonge."

Nimewapa maneno yake kama alivyoyasema, ingawa baadhi ya mabwana wakubwa waliokuja baadaye walisema si utaratibu mzuri kumfundisha mtu hivyo. Inawezekana. Mimi yalinisaidia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Vidonge vyeupe ndani ya kopo la maziwa, mfuniko umefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu ili maji yasiingie. Pampu, viraka, gundi, spana moja iliyofungua nati zote isipokuwa ile unayoitaka. Na unyoya. Pamba ya kupimia ilikuwa inaisha kabla ya mwezi kuisha, basi Bwana Elia alitumia unyoya wa kuku, ule mwororo wa kifuani, anautunza kwenye kikopo cha tumbaku. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa kwa unyoya hapa na pale, naye anaonyesha kwa kidole alipoguswa. Ukigusa baka na kidole chake kisiende popote, umeshajua. Sikuwahi kuizoea dakika ile, mtu amefumba macho anasubiri aguswe, kumbe ameshaguswa. Watu wakaniita Bwana Unyoya, na jina hilo likanifuata mpaka Handeni.

Sasa njia. Kutoka Korogwe kwenda Mombo hakuna la kuandika, barabara ni ya wote; ogopeni mabasi tu, na pale Mombo msinunue mahindi ya kuchoma kabla ya kazi, yanachelewesha. Barabara ya Handeni ni mchanga wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Pale kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe jazeni tairi upepo pungufu kidogo, zitakaa juu ya mchanga. Njia ya kazi hasa ni ile ya ziwani. Mkitoka barabara kuu chini ya Mombo mtapita mashamba ya mkonge, halafu migunga, halafu nchi inakuwa tambarare na majani yanabadilika rangi. Hapo shukeni, muangalie tairi. Mbigili za pale zinaingia mpaka kwenye tyubu bila kusikika, na pancha utaijua ukiwa katikati ya matope. Ziwa lenyewe halina mpaka wa kuaminika. Kiangazi linarudi ndani, unapita kwenye udongo uliopasuka unapiga kengele kwa raha. Masika linakuja barabarani. Nilikuwa nabeba baiskeli begani, kopo la dawa nimelifunga kichwani kwa kitambaa, natembea kwa kupapasa na mguu. Kila mara niliogopa nitaliangusha kopo. Mimi kuzama niliogopa kidogo. Kopo kuzama niliogopa sana, maana watu walikuwa wanasubiri.

Lakini njia ya baiskeli katika kazi hii si kukwepa matope peke yake. Bwana Elia alinifundisha mambo mawili, na nilipohamishiwa njia ya ziwani peke yangu ndiyo niliyoyashika kama mtu anavyoshika kamba.

La kwanza: baiskeli isimame kila nyumba. Watu wote walijua mimi ni bwana wa ukoma. Nikisimama nyumba moja nikaziruka nyingine, nimeshamtangaza mgonjwa. Basi nilisimama zote. Huku natoa dawa ya macho, huku naangalia kidonda cha mtoto, huku naomba maji ya kunywa tu na kuuliza habari za mazao. Kwenye nyumba ya mgonjwa nakaa muda ule ule, na kidonge kinapita katika mkono wa kuagana. Kwa siku moja nilikuwa nakunywa maji ya nyumba zote za kijiji. Mnaweza kufikiria safari zangu za vichakani.

La pili lilikuwa gumu zaidi. "Mtu akikuuliza, fulani anao?" Bwana Elia alisema, "usiseme anao. Na usiseme hana."

"Na kama kweli hana?"

"Hasa huyo. Ukisema leo huyu hana, kesho watakuuliza wa pili, nawe utasema hana. Watakuuliza wa tatu, utanyamaza. Siku hiyo umeshamtaja."

Nililikubali kwa sababu lilikuwa na akili. Sikujua bado kwamba linaweza kumwumiza mtu mzima asiye na ugonjwa wowote.

Ikaja operesheni ya vijiji, ile ya serikali ya kuwakusanya watu waishi pamoja. Nitasema haki kwa pande zote, maana hata leo watu wanagombana juu yake. Kabla ya hapo wagonjwa wangu walitawanyika kando ya ziwa, kila mmoja na shamba lake, na kuwazunguka kulinimaliza nguvu. Baadaye wakawa pamoja Kwemigunga, nyumba zimepangwa mistari kama shule, nikawamaliza kwa siku. Kwangu ulikuwa unafuu. Lakini niliona pia watu waliohamishwa mahindi yao yakiwa bado mabichi shambani, na kuna bibi aliyebeba mlango wa nyumba yake kichwani kwa sababu hakutaka kuuacha. Yote mawili nimeyaona. Kwa kazi yangu kilichobadilika ni kwamba sasa kila mlango ulitazamana na mlango mwingine. Ya jirani yalionekana yote.

Mstari wa mbele, karibu na barabara, alikaa Bi Zaina. Mjane, mkulima hodari, Mzigua wa ziwani tangu babu zake, na mdomo ambao sijawahi kuona mfano wake. Wazigua na sisi Wasambaa ni watani, na yeye alinitania kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. "Huyo! Msambaa amekuja kunimalizia maji! Kwao wamezoea kulamba umande wa migomba!" Nami nilitakiwa kujibu, "Maji yenyewe ya vyura, Bi Zaina, nakunywa kwa huruma." Watu wanacheka, na katikati ya kicheko mkono wake unapokea vidonge. Alikuwa mgonjwa wangu mwaka wa tatu. Baka lilikuwa kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, na kipande cha kiganja hakikusikia. Hakuna aliyejua, hata ndugu zake.

Nyumba ya mwisho ya mstari wa nyuma, upande wa maji, ilikuwa ya Mama Rukia. Mwanamke mpole, mumewe alikuwa kibarua kwenye mkonge na alikuja mara moja moja. Huyu hakuwa mgonjwa. Naweza kuandika leo kwa sababu naye ameniruhusu. Nilimpima kama nilivyowapima wote, na alisikia unyoya kila nilipougusa.

Mwaka ule masika yalizidi. Ziwa lilikata barabara ya Kwemigunga, na njia pekee ya kuingilia ikawa lile tuta la zamani la reli ndogo ya kusombea mkonge. Tuta lile liliishia nyuma ya ua wa Mama Rukia. Kutoka hapo kwenda nyumba nyingine kulikuwa na korongo lenye maji ya kiunoni na tope la kunasa mguu. Baiskeli haikupita. Kuiacha nje kwenye tuta hakukuwezekana, ilikuwa mali ya serikali. Kwa hiyo nilikuwa naiegemeza ukutani kwa Mama Rukia, navuka kwa miguu, nazunguka nyumba zote, na kurudi jioni. Masika yote. Na ng'ambo ya korongo kijiji kizima kiliona baiskeli ya bwana wa ukoma imesimama kwenye mlango mmoja kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Sikuona hatari. Nilikuwa nafikiria kopo la dawa.

Nililiona jambo lenyewe maji yalipopungua. Nilimkuta Mama Rukia kisimani na ndoo yake, wanawake wenzake wamesimama pembeni mpaka amalize kuteka. Hakuna aliyemtukana. Walisubiri tu, na alipoondoka wakasuuza jiwe la kutekea.

Jioni alinifuata kwenye tuta nikiwa nafunga mzigo.

"Bwana Unyoya, unajua wanasemaje?"

"Nimeona kisimani, Mama Rukia."

"Rukia ameposwa. Kijana wa upande wa barabara, Athumani. Mshenga alishakuja mara mbili, tukakubaliana kila kitu. Sasa ametuma neno kwamba ndugu wa kijana wanataka kwanza kuuliza habari za ukoo." Akasogea karibu na baiskeli. "Watakuuliza wewe. Utawaambia sina?"

Nikakaza kamba ya mzigo.

"Si ulinipima mwenyewe? Si unajua sina?"

"Najua."

"Basi sema. Neno moja. Si la uongo."

Nikamweleza kama Bwana Elia alivyonieleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiwa ameshika kona ya kanga yake. Halafu akasema, "Kwa hiyo unawaficha wenye nao kwa kunitumia mimi nisiye nao." Akaondoka. Nimekaa na sentensi ile mpaka leo na sijapata jibu lake.

Wiki ile sikufanya kazi vizuri. Nilifikiria kupima kijiji kizima hadharani, mmoja mmoja, ili Mama Rukia aonekane safi mbele ya watu wote. Lakini Kwemigunga nilikuwa na wagonjwa watatu, na wote wangeonekana siku hiyo hiyo. Nilifikiria kwenda kwa Bwana Elia, ila alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Nilifikiria kuugua, ili siku ya kikao cha posa nisiwepo. Hilo nalo nililifikiria kwa bidii.

Na kulikuwa na jambo moja lililofanya yote kuwa mabaya zaidi. Athumani alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Zaina. Bi Zaina ndiye shangazi wa bwana harusi, na kwa Wazigua wa pale shangazi akikohoa posa inasimama.

Nilipofika kwake katika mzunguko wangu, hakunitania mlangoni. Alinisubiri nikae, akanipa maji, akasema kwa sauti ya chini, "Unanitazama kama mbuzi aliyeona kisu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ni habari ya mkwe wetu. Haya niambie mimi, peke yetu. Yule mama anao?"

"Bi Zaina, sisemi anao na sisemi hana."

"Hata mimi?" Akacheka. "Mimi mwenye vidonge vyako tumboni mwaka wa tatu, hunambii mimi?"

"Hata wewe."

"Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia." Kisha kicheko kikaisha. Aliuangalia mkono wake wa kulia, akauzungusha polepole, akaufunika kwa kanga. "Na mtu akikuuliza habari zangu?"

"Nitamjibu hivyo hivyo."

Sikumwomba kitu. Nawaambia wazi kwa sababu baadaye kuna watu walisema nilimpanga. Sikumpanga, nisingethubutu. Nilimpa vidonge, nikapanda baiskeli, nikaenda nyumba ya pili.

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya sala, barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Niliitwa rasmi, na mwenyekiti alinipa kigoda, kitu ambacho kilinizidishia hofu. Ndugu wa Athumani walikaa upande mmoja, Bi Zaina akiwa mbele kwenye mkeka na tumbaku yake. Upande wa Rukia alikuja mjomba mmoja, na Mama Rukia mwenyewe alikaa ndani, nyuma ya mlango, kama ilivyo desturi. Nilikuwa naona ncha ya kanga yake chini ya mlango.

Mshenga, Mzee Mhando, alianza kwa upole. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi ya mshenga, na mshenga asipouliza leo atalaumiwa kesho.

"Bwana Unyoya, wewe ni mtu wa serikali na ni mtani wetu. Hatutaki mengi. Tunataka kuoa kwa yule mama. Maneno yamezagaa, na wewe unayajua. Sema neno moja tu: hana. Tunamaliza, tunakula."

"Shikamoo, mzee," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia tayari. Watu wakaangaliana.

"Marahaba. Haya."

"Mzee, mimi kazi yangu hainiruhusu kusema mtu yeyote anao, wala kusema mtu yeyote hana."

"Sijauliza anao nani. Nimekuomba useme hana."

"Hilo nalo kazi hainiruhusu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kama hana angesema, angepata hasara gani?" Mwingine, "Baiskeli ililala mlangoni masika mazima, mnataka aseme nini tena?" Mjomba wa Rukia akainama akaanza kutafuta viatu vyake. Mzee Mhando akanitazama kwa huruma, kweli ilikuwa huruma, akasema, "Basi, mwanangu, kunyamaza kwako kumejibu." Ncha ya kanga chini ya mlango haikutikisika. Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka ndani ya soksi. Nilikuwa nasema moyoni, sema, sema hana, ni kweli hana. Na mbele yangu kwenye mkeka alikaa yule ambaye wangeniuliza wa pili, au wa kumi. Sikumtazama. Niliogopa hata macho yangu yatasema.

Bi Zaina akafunga kikopo chake cha tumbaku.

"Mwacheni Msambaa wa watu," akasema. "Huyu hata ukimkamua kama nguo hatoki tone. Mimi nimejaribu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa kila siku.

"Nyie mmehesabu baiskeli kwenye mlango wa mwenzenu kwa sababu maji yaliifunga pale. Kwangu inasimama mwaka wa tatu."

"Inasimama kila nyumba, Bi Zaina," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo. Kwenu anawapa dawa ya macho. Mimi macho yangu mazima, naona mpaka Vugiri kwao, namwona mama yake anamenya ndizi." Akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, akaunyoosha mkono wa kulia katikati ya baraza. Baka lilikuwa limefifia, lakini lilionekana. "Mimi nafumba macho ananigusa na unyoya. Hapa sisikii. Na hapa. Ndio ukoma huo. Mlidhani unafanana na nini?"

Mtu aliyekaa jirani naye alisogea, kisha nadhani akaona aibu, akarudi, lakini si mpaka pale alipokuwa.

"Ugali wa Idi mlikula kwangu, nilisonga kwa mkono huu. Athumani nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki, nimemwogesha kwa mkono huu." Akawageukia ndugu zake. "Kama ukoma unavunja posa, sawa, ivunjeni. Ila mjue mnaivunja kutoka upande gani. Hapa mwenye mgonjwa ni ukoo wetu. Sasa atakayeulizwa kama anataka ni yule mama mliyemweka nyuma ya mlango."

Mzee Mhando alivua kofia yake, akaivaa tena. Alinigeukia kana kwamba nitasema ni uongo. Mimi niliangalia miguu yangu. Kisha akafanya jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo: akanyanyuka, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akainama, akasema, "Mama Rukia, umesikia. Sisi ndio tunaomba."

Kisha sauti yake ikatoka, ndogo lakini bila kutetemeka. "Masika mazima mmesuuza jiwe nikishateka maji. Leo mnataka nijibu papo hapo? Nipeni mpaka Ijumaa nyingine."

Siku zile za kusubiri zilikuwa mbaya kuliko zile za kabla. Kwanza ilikuwa ndoa ya Rukia iliyoning'inia. Sasa Mama Rukia akikataa, Bi Zaina angekuwa amejivua nguo mbele ya watu bure, na kijana aliyemlea angekosa mke kwa sababu yake. Nilikuwa Handeni kikazi, nikawa nakosea hesabu ya vidonge, nikawapima watu wawili bila kuwaamkia. Mmoja alinikumbusha, "Bwana, hata ng'ombe tunawaamkia."

Ijumaa ile niliingia Kwemigunga mapema, jua halijapanda. Barabara ilikuwa imekauka, nikaja kwa njia ya mbele kama zamani, nikasimama nyumba ya kwanza kujaza tairi upepo, ingawa haikuhitaji. Bi Zaina alikuwa uani kwake, anachochea moto wa uji. Hakunitania. Wanawake waliopita kwenda kisimani walimwamkia kwa mbali, na wengine walikuwa na haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayekwenda kuteka maji.

Viberiti wakati ule vilikuwa adimu dukani, na moto uliombwa kwa jirani. Unakwenda na kigae, unapewa makaa mawili matatu, unarudi nayo unayapuliza. Huombi kwa kila mtu. Unaomba kwa mtu ambaye chakula chake unaweza kukila.

Nikamwona Mama Rukia anatoka nyumba yake ya mwisho na kigae mkononi. Akavuka korongo. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya jirani yake. Akapita. Akaupita mstari wa nyuma, akaingia mstari wa mbele, na kila nyumba ilikuwa na moto, na kila nyumba ilikuwa na mtu mlangoni anayemwangalia. Alitembea bila haraka. Pampu yangu ilisimama yenyewe. Alipofika uani kwa Bi Zaina akasimama, akanyoosha kigae.

"Naomba moto."

Bi Zaina alimtazama. "Nyumba zote hizo zimezimikiwa?"

"Wako ndio unaowaka vizuri, mkwe."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Bi Zaina amekosa la kujibu. Akainama haraka, ili uso usionekane, akapeleka mkono wa kulia kwenye makaa, mkono mtupu.

Mnajua ninyi ni nini kinachokula vidole vya wagonjwa wetu. Mara nyingi si ugonjwa, ni kuungua bila kusikia. Nilikuwa nimemwambia hilo miaka yote mitatu, kila mara kwa kunong'ona. Lakini asubuhi ile nilitupa pampu, nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka, "Koleo! Bi Zaina, koleo! Usishike na mkono huo!"

Mstari mzima ukageuka kunitazama. Mama Rukia akashika mdomo. Halafu wakaanza kucheka, wote wawili, wameshikana mabega, Mama Rukia na kigae chake kitupu, na Bi Zaina machozi yanamtoka.

"Huyu!" akasema alipopata pumzi. "Miaka mitatu hasemi neno, leo anatangaza kama mwadhini!"

Akachukua koleo.